Boulanger: Bosi wa Citroën aliyelipima gari kwa kapu la mayai

MKULIMA anayepeleka mayai sokoni anajua kwamba hasara kubwa mara nyingi haitokei bandani wala sokoni, bali njiani. Barabara ikiwa mbovu, trei moja ikivunjika inaweza kuondoka na faida ya siku nzima.

Katikati ya miaka ya 1930 huko Ufaransa, mmoja wa wakuu wa kiwanda cha magari cha Citroën aliichukua hasara hiyo akaifanya kipimo cha gari jipya. Aliwaagiza wahandisi wake waunde gari litakalokatiza shamba lililolimwa likiwa na kapu la mayai, bila yai hata moja kuvunjika.

Mtu huyo ni Pierre-Jules Boulanger. Gari lake, Citroën 2CV, lilitengenezwa kuanzia mwaka 1949 hadi 1990. Jumla yake ilizidi milioni 3.8, mbali na magari madogo ya mizigo ya aina hiyo hiyo yaliyozidi milioni moja.

Atokea kwenye ujenzi

Boulanger alizaliwa Machi 1885 kaskazini mwa Ufaransa. Hakusomea uhandisi wa magari. Alipokuwa jeshini alifahamiana na Marcel Michelin, wa familia yenye kiwanda maarufu cha matairi. Mwaka 1908 alivuka bahari kwenda Amerika Kaskazini, akafanya kazi ya kuchora ramani za majengo mjini Seattle, kisha akaanzisha kampuni ya ujenzi katika mji wa Victoria nchini Canada.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914 alirudi nyumbani, akatumikia katika kikosi cha kupiga picha kutoka angani. Baada ya vita familia ya Michelin ilimpa kazi, na miongoni mwa majukumu yake ilikuwa kusimamia ujenzi wa nyumba za wafanyakazi.

Mwishoni mwa 1934 kampuni ya Citroën ilifilisika. Mwanzilishi wake, André Citroën, alikuwa ametumia fedha nyingi mno kujenga upya kiwanda na kutoa gari jipya lililoitwa Traction Avant. Michelin, waliokuwa wakimdai kuliko wote, walilazimika kuichukua kampuni. Walimpeleka Pierre Michelin kuiongoza na Boulanger kuwa msaidizi wake. Pierre alipofariki katika ajali ya gari Desemba 1937, Boulanger alikamata usukani.

Bei kabla ya mchoro

Wakati huo mamilioni ya Wafaransa waliishi kwa kilimo, na wengi walikwenda sokoni kwa miguu, kwa baiskeli au kwa mkokoteni wa farasi. Gari lilikuwa mali ya wenye fedha. Boulanger aliona hapo kuna soko kubwa ambalo hakuna aliyelihudumia.

Masharti aliyowapa wahandisi yalikuwa ya mkulima mtupu. Gari libebe wakulima wawili waliovaa viatu vyao vya mbao na kilo 50 za viazi. Lifikie kasi ya kilomita 60 kwa saa. Litumie lita 3 za mafuta kwa kilomita 100. Anayejifunza udereva aweze kuliendesha. Bei yake iwe chini ya theluthi moja ya bei ya Traction Avant. Kuhusu sura ya gari, hakujali.

Hapa ndipo penye somo la kiuchumi. Wazalishaji wengi huanza kutengeneza, wakajumlisha gharama, wakaongeza faida, ndipo wakapata bei. Mteja akishindwa, wanamlaumu kuwa hana fedha. Boulanger aligeuza hesabu hiyo. Alianza na kile ambacho mfuko wa mkulima ungeweza kumudu, kisha akawaambia wahandisi watengeneze ndani ya kiwango hicho.

Kila kisicho cha lazima kiliondolewa. Viti vilikuwa vyepesi na vya kutolewa. Paa lilikuwa turubai la kukunja, hivyo mzigo mrefu ungeweza kusimama ndani. Ili mayai yasalimike, gurudumu la mbele na la nyuma la upande mmoja yaliunganishwa kwa springi zilizolala chini ya sakafu, na mtikisiko wa gurudumu moja ukagawanywa kwa mawili. Boulanger mwenyewe alikuwa mrefu, akiyajaribu magari huku amevaa kofia. Kofia ikigusa paa, wahandisi walirudishwa kazini.

Vita na mahesabu mapya

Kufikia mwaka 1939 magari 250 ya majaribio yalikuwa yameandaliwa ili yaonyeshwe Paris mwezi Oktoba. Septemba vita vikaanza, maonyesho yakafutwa. Wajerumani walipoiteka Ufaransa mwaka 1940, magari mengi kati ya hayo yaliharibiwa na machache yakafichwa yasiangukie mikononi mwao.

Boulanger alilazimika kuwatengenezea Wajerumani malori, lakini kazi ilikwenda kwa mwendo wa kinyonga. Inasimuliwa kwamba aliagiza alama ya kijiti cha kupimia oili iwekwe mahali pasipo sahihi. Dereva aliyepima aliona oili inatosha, kumbe ni pungufu, na injini ikakwama akiwa mbali na fundi.

Miaka hiyo ya vita haikupotea bure. Magari ya majaribio yalitumia sana aluminiamu kwa sababu ni nyepesi, lakini bei yake ilipanda na mahesabu yalionyesha kwamba gari lisingeuzika tena kwa mkulima. Wakahamia kwenye chuma. Injini nayo ilibadilishwa ikawa ya silinda mbili, cc 375 na nguvu za farasi 9, inayopozwa kwa upepo. Hakukuwa na rejeta ya kuvuja, paipu ya kupasuka wala maji ya kuganda wakati wa baridi. Kwa mkulima aliye mbali na gereji, kifaa ambacho hakipo hakiwezi kuharibika.

Lachekwa, kisha lagombaniwa

Oktoba 1948 Boulanger alilionyesha gari lake Paris mbele ya Rais Vincent Auriol. Waandishi wa magari walilicheka. Lilikuwa la kijivu, lenye mabati membamba, na wapo waliolifananisha na kopo.

Wanunuzi hawakucheka. Jina lake lenyewe, linalomaanisha farasi wawili, lilitokana na daraja la kodi, moja ya madaraja ya chini kabisa. Foleni ya kulisubiri ikawa ya miaka. Chuma kiligawiwa kwa mgawo baada ya vita, na mwaka 1949 yalitoka magari 876 tu. Kampuni ikaamua kuwauzia kwanza wale ambao kazi yao isingekwenda bila usafiri: madaktari wa mifugo, wakunga, mapadri na wakulima wadogo. Ikafika mahali gari lililotumika likauzwa ghali kuliko jipya, maana la mkononi halikuwa na foleni.

Huo pia ulikuwa udhaifu wa mradi. Kujua mteja anataka nini ni nusu ya biashara, na nusu ya pili ni kuweza kumfikishia kwa wakati.

Boulanger hakuyaona matunda yote. Novemba 1950, akiwa na umri wa miaka 65, alifariki katika ajali akiendesha Traction Avant katikati ya Ufaransa. Magari ya 2CV yaliyokuwa yametengenezwa hayakufika 8,000.

Wapenzi wasiolisahau

Mwaka 1951 lilitoka gari dogo la mizigo la kubeba kilo 250, likawa la waokaji mikate na wenye maduka. Baadaye likapendwa hata na wanafunzi na walimu. Mwaka 1971 vijana walisafiri nalo kutoka Paris hadi Persepolis nchini Iran na kurudi, na mwaka 1973 msafara mwingine ulitoka Abidjan hadi Tunis ukipitia jangwa la Sahara.

Gari la mwisho lilitoka Julai 1990 katika kiwanda cha Mangualde, Ureno. Wakati ulikuwa umelipita. Lilikuwa la polepole, na sheria za usalama na moshi zilikuwa zimebadilika. Hata hivyo wapenzi wake bado hukutana kila baada ya miaka miwili katika nchi tofauti, na vipuri vyake vingali vinatengenezwa. Katikati ya miaka ya 1990, matatu kati ya magari ya majaribio ya 1939 yalikutwa yamefichwa kwenye dari la ghala katika eneo la majaribio la Citroën, na yalipokelewa kama hazina.

Msomaji anayefikiria kununua pawatila, pikipiki ya mizigo au mashine ya kukoboa anaweza kuazima kipimo cha Boulanger. Asianze na rangi wala sifa za muuzaji. Aanze na mzigo wake mwenyewe: ni kilo ngapi, njia ikoje, mafuta kiasi gani kwa safari moja, na kikivunjika kifaa fundi wa karibu yuko wapi. Na mwenye kuuza bidhaa ajiulize kama anajua mteja wake anabeba nini kwenda sokoni, na amebakiwa na shilingi ngapi mfukoni. Asiyejua aende kwanza akamwulize, ndipo apange bei.