Albert Thomas, mtoto wa mwoka mikate aliyetaka sheria moja ya kulinda mfanyakazi katika inchi zote

Kila tarehe 28 mwezi wa ine, dunia inaazimisha siku ya usalama na afya kazini. Siku tatu kisha, ni sikukuu ya wafanyakazi. Katika hotuba za siku hizo, jina la Shirika la Kazi Duniani (OIT) linarudi mara nyingi. Lakini jina la mutu aliyelisimamisha shirika hilo katika miaka yake ya kwanza halisikiki sana. Ni Albert Thomas, Mfaransa, ambaye alikufa mwaka 1932.

Alizaliwa mwaka 1878 huko Champigny-sur-Marne, karibu na Paris. Baba yake alikuwa mwoka mikate. Kazi ya mikate wakati huo ilifanywa usiku, katika joto na vumbi ya unga, na kijana huyo aliijua tangu utoto. Kwa kuwa alikuwa na akili sana masomoni, alifika hadi École normale supérieure, moja ya shule kubwa za Ufaransa, akawa mwalimu wa historia. Kisha akaandika katika gazeti L'Humanité, lililoanzishwa na Jean Jaurès, kiongozi wa wasosialisti. Mwaka 1910 alichaguliwa kuwa mbunge, na mwaka 1912 akawa meya wa mji wake wa kuzaliwa.

Vita ya kwanza ya dunia ilibadilisha maisha yake. Mwaka 1915 serkali ya Ufaransa ilimupa kazi ya kusimamia utengenezaji wa mizinga na risasi, na mwisho wa mwaka 1916 akawa waziri wa silaha. Wanaume walikuwa vitani, kwa hiyo wanawake wengi waliingia viwandani, wakishika baruti na vyuma vizito kwa masaa marefu, muchana na usiku. Thomas aliunda kamati ya kuchunguza hali ya kazi ya wanawake hao, na mwaka 1917 akaweka mishahara ya chini na tume za kusuluhisha ugomvi katika viwanda vya silaha. Wenzake wengi wasosialisti hawakufurahi. Walimwona kama mutu aliyekubali kuwa mutumishi wa vita. Yeye aliondoka serkalini mwaka huo huo akiwa amejifunza jambo moja: serkali ikitaka, inaweza kuingia mpaka ndani ya kiwanda na kumwambia patroni namna ya kutendea wafanyakazi.

Vita ilipoisha, Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliunda OIT. Sababu yake ilikuwa wazi. Kama inchi moja inakataza sumu fulani kiwandani ao inapunguza masaa ya kazi, wafanyabiashara wake wanalalamika kwamba inchi jirani, isiyo na sheria hiyo, itauza kwa bei ya chini. Hivyo kila moja inangojea ingine, na mfanyakazi anaendelea kufa. Dawa ilikuwa ni inchi zote zikubali sheria moja kwa pamoja. Tena, katika mikutano ya OIT kila inchi inatuma wajumbe wa serkali wawili, mumoja wa mapatroni na mumoja wa wafanyakazi, na kila mumoja anapiga kura yake mwenyewe.

Mkutano wa kwanza ulifanyika Washington mwisho wa mwaka 1919. Hapo mikataba sita ilipitishwa, wa kwanza ukiweka masaa 8 kwa siku na 48 kwa juma katika viwanda. Thomas hakuwa hata huko. Wajumbe walimuchagua kuwa mkurugenzi wakati yeye alikuwa Ufaransa. Mwaka 1920 alihamisha ofisi yake, inayoitwa BIT, toka London kwenda Geneva, inchini Uswisi.

Kazi yake kubwa ya kwanza juu ya afya ilihusu rangi. Wapaka rangi wa Ulaya walikuwa wakitumia unga mweupe unaotokana na madini ya risasi. Unga huo unaingia mwilini kidogo kidogo kupitia pumzi na mikono, unaleta maumivu makali ya tumbo, unalegeza mikono na kuharibu akili. Ufaransa ilikuwa imekwisha kuukataza katika majengo, lakini inchi zingine ziliendelea, na wenye viwanda vya unga huo walipinga kwa nguvu. Mwaka 1921 mkataba ulipitishwa: unga wa risasi ulikatazwa katika kupaka rangi ndani ya nyumba, isipokuwa pale ambapo unahitajika, kama vile katika vituo vya reli. Wanawake wote na vijana chini ya miaka 18 walikatazwa kuutumia katika kazi ya kupaka rangi viwandani. Hakikuwa kila kitu ambacho wapaka rangi waliomba, lakini inchi nyingi zilikubali pamoja kwamba kuna kazi ambayo sumu yake haistahili kuvumiliwa.

Mwaka uliofuata Thomas aligongana na inchi yake mwenyewe. Serkali ya Ufaransa ilisema OIT haina ruhusa ya kushugulikia wafanyakazi wa mashamba, na jambo hilo likapelekwa mbele ya Mahakama ya kudumu ya kimataifa huko La Haye, Uholanzi. Thomas alienda mwenyewe kutetea shirika lake. Mwaka 1922 mahakama ilisema kwamba mkulima anayelipwa mshahara ni mfanyakazi kama wengine. 

Akamuweka pia daktari Mwitalia, Luigi Carozzi, kuongoza uchunguzi wa magonjwa ya kazi. Mwaka 1925 mkataba ulisema kwamba mfanyakazi mwenye kuuguzwa na risasi, zebaki ao kimeta kwa sababu ya kazi yake anastahili malipo sawa na yule aliyevunjika mguu kiwandani. Mwaka 1929 ilikuja zamu ya wapakuzi wa bandari: ngazi, taa, mashine za kuinua zilizopimwa. Mwaka huo huo ikaamuliwa kwamba kila muzigo wa kilo 1.000 na zaidi unaosafirishwa kwa meli, baharini ao katika mito na maziwa, uandikwe uzito wake wazi, ili mashine ya kuinua isivunjike juu ya watu. Mwaka 1930 wataalamu walikutana Johannesburg, Afrika ya Kusini, kuzungumzia silikozi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi ya mawe migodini. Uliongezwa kwenye orodha ya magonjwa yanayolipwa mwaka 1934, Thomas akiwa amekwisha kufa.

Mwaka wa 1930 ndio unaotugusa sisi zaidi. OIT ilipitisha mkataba juu ya kazi ya lazima. Wakati huo, katika Congo ya Wabeleji, wazee wetu walilazimishwa kulima pamba na kutengeneza barabara. Mkataba haukukata kazi hiyo siku moja, jambo ambalo linastahili kulaumiwa. Uliomba ikomeshwe haraka iwezekanavyo, na wakati wa kungojea uliweka mipaka: wanaume wa miaka 18 hadi 45 tu, siku zisizozidi 60 kwa mwaka, siku ya pumziko kila juma, malipo kwa mwenye kuumia. Na kushusha mutu kwa lazima ndani ya mgodi, chini ya udongo, kulikatazwa kabisa. Ubelgiji haikuharakisha: iliidhinisha mkataba huo mwaka 1944 tu.

Hapo ndipo ilikuwa shida ya maisha yote ya Thomas. Mkataba hauna nguvu juu ya inchi mpaka inchi hiyo iuidhinishe, na yeye hakuwa na askari wala feza za kulazimisha. Alikuwa na treni na meli tu. Alienda Marekani, Amerika ya Kusini, China na Japani, akikutana na mawaziri, wafanyakazi na mapatroni. Hata hivyo, Uingereza haikuidhinisha kamwe ule mkataba wa masaa 8. Yeye aliendelea kuomba, mwaka kwa mwaka.

Alikufa gafla Paris, mwezi wa tano mwaka 1932, akiwa na miaka 53. Alizikwa Champigny. Kwa miaka kumi na miwili ya uongozi wake, mikataba ilifika 33.

Mwaka 1969 OIT ilipewa Zawadi ya Nobel ya Amani. Na mwezi wa sita mwaka 2022, usalama na afya kazini viliwekwa kati ya haki za msingi ambazo kila inchi memba inapaswa kuheshimu, hata kama haijaidhinisha mikataba inayohusika. Congo ni memba tangu mwaka 1960.

Kijana anayeshuka leo katika shimo huko Kamituga, Rubaya ao Kolwezi, bila kaske wala hewa ya kutosha, anahusika na haki hiyo sawa na mfanyakazi wa Geneva. Lakini Thomas alijua kwamba karatasi haishuki shimoni yenyewe. Inahitaji mkaguzi wa kazi anayelipwa na anayefika, sindika isiyoogopa, na serkali inayokubali kusikia. Yeye alifanya sehemu yake: alihakikisha hakuna serkali inayoweza kusema kwamba haikujua.