Michael Faraday, mzee wa kanisa ambaye jina lake limo ndani ya redio zetu

Fundi anapofungua amplifaya ya kanisa au redio, tunaona ndani vikopo vidogo vya mviringo vyenye miguu miwili. Hivyo ni kapasita. Mafundi waliosoma kwa Kifaransa huziita kondensateri. Ubavuni pameandikwa namba, kisha µF. Hiyo F ni farad, kipimo cha uwezo wa kuhifadhi chaji ya umeme. Kinatoka kwa jina la Michael Faraday, Mwingereza aliyekuwa mwanasayansi mkubwa na pia mzee wa kanisa. Tumeona vema kuwaeleza maisha yake, maana yanatufundisha juu ya kuweka na juu ya kutoa.

Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791 huko Newington, karibu na London. Baba yake alikuwa mhunzi mwenye afya dhaifu, na nyumba yao ilikuwa ya maskini. Walikuwa watu wa kanisa la Wasandemani, kanisa dogo la Kiprotestanti lililotoka Uskoti. Halikuwa na mchungaji wa mshahara. Liliongozwa na wazee waliochaguliwa na ndugu. Siku ya Bwana walikula pamoja, matajiri na maskini. Tena walilishika sana fundisho la Yesu katika Mathayo 6, kwamba tusijiwekee hazina duniani.

Mtoto huyo alisoma shule kidogo tu. Akiwa na umri wa miaka 14 aliwekwa kwa mwenye duka la vitabu, George Riebau, ajifunze kazi ya kujalidi kwa miaka saba. Vitabu alivyovishona alivisoma. Katika kimoja alikuta habari za umeme, naye akajitengenezea mashine ndogo ya umeme kwa chupa ya kioo. Mwaka 1812 alipata nafasi ya kusikiliza mafundisho ya Humphry Davy, mkemia mashuhuri. Aliandika yote aliyoyasikia, akayajalidi yakawa kitabu, akampelekea Davy. Mwezi wa Machi 1813 akapokelewa kazini kama msaidizi katika Royal Institution ya London. Hapo ndipo alipofanya kazi yake kubwa yote.

Mwaka 1821 alimwoa Sarah Barnard, binti wa kanisa lao, na mwaka huo huo akakiri imani yake mbele ya ndugu. Mwaka 1831 aligundua kwamba sumaku ikisogezwa katika koili ya waya, umeme huzaliwa ndani ya waya. Mitambo ya Inga, kwenye mto wetu Kongo, inafanya kazi kwa njia hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye kapasita. Haikubuniwa na Faraday. Mwaka 1745 Ewald von Kleist, kiongozi wa kanisa kuu huko Pomerania, aliona kwamba chupa ya kioo inaweza kuweka umeme. Muda mfupi baadaye Pieter van Musschenbroek aliona vivyo hivyo katika mji wa Leiden, Uholanzi, na chupa ikaitwa kwa jina la mji huo. Ilipokamilishwa, ilikuwa na bati jembamba ndani na bati lingine nje, na kioo katikati. Wengi walifikiri kioo ni ukuta tu, wa kuzuia umeme usipite.

Faraday hakuridhika. Alitengeneza vyombo viwili vilivyo sawa, kila kimoja tufe la shaba nyeupe ndani ya tufe kubwa zaidi, na nafasi kati yake. Alikitia chaji chombo kimoja, kisha akakigusisha na cha pili. Vyote viwili vikiwa na hewa, viligawana chaji nusu kwa nusu. Lakini alipojaza sehemu ya nafasi ya kimoja kwa utomvu mkavu uitwao shelaki, chombo hicho kilichukua fungu kubwa zaidi. Kioo na kiberiti vilifanya vivyo hivyo. Mwaka 1837 alitangaza matokeo: kitu kilicho katikati, ingawa hakipitishi umeme, kinashiriki kazi. Chaji ndani yake huvutwa kidogo upande huu na upande ule, na kwa hiyo mabamba huweza kubeba chaji nyingi zaidi kwa volti zile zile. Baadaye James Clerk Maxwell, naye mzee wa kanisa, aliyageuza mawazo hayo kuwa hesabu.

Ukiunganisha kapasita na batri, mkondo huanza kwa nguvu, hupungua, kisha hukoma kapasita inapofikia volti za batri. Ndiyo maana umeme wa mwelekeo mmoja hauendelei kupita. Umeme unaogeuka-geuka huijaza na kuimwaga daima, hata ikaonekana kama unapita. Kapasita ya farad 1 hubeba kulombi 1 ya chaji kwa kila volti 1. Hiyo ni kubwa mno kwa kazi za kawaida, kwa hiyo twapima kwa mikrofarad, yaani sehemu moja ya milioni.

Katika amplifaya, umeme wa mtandao hugeuka mizunguko 50 kwa sekunde. Diodi nne huufanya uende upande mmoja, lakini unatoka kwa mawimbi 100 kila sekunde, mara juu, mara chini hadi sifuri. Wimbi linapopanda, kapasita hujaa. Linaposhuka, kapasita hutoa ilichoweka, na chombo hakikosi. Joto la miaka huikausha kapasita ndani. Kichwa chake huvimba, akiba yake hupungua, na spika huanza kuvuma hata kabla mhubiri hajasema neno. Anayeibadilisha achague yenye mikrofarad zile zile, na volti zisizo chini ya zile za kwanza, wala asigeuze upande wa chanya na hasi, maana inaweza kupasuka. Tena tuwaonye vijana wetu: katika vyombo vingi vya leo kapasita kubwa hubeba zaidi ya volti 300, na inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya. Asiyejua kuimwaga na kuipima asiiguse.

Faraday angeweza kuwa tajiri, maana viwanda vilitaka ushauri wake. Aliacha sehemu kubwa ya kazi hizo za fedha ili atafute maarifa. Alikataa mara mbili kuwa rais wa Royal Society, na cheo cha heshima cha kuitwa Sir alikikataa pia. Wakati wa Noeli alifundisha watoto na vijana sayansi, mafungu 19 ya masomo kati ya 1827 na 1860.

Mwaka 1840 alichaguliwa kuwa mzee wa kanisa. Mwaka 1844, kwa jambo la nidhamu, yeye na ndugu wengine walitengwa. Alikuwa tayari mtu anayejulikana Ulaya nzima, na angeweza kuondoka kwa hasira. Hakuondoka. Baada ya majuma machache alipokelewa tena, lakini uzee hakurudishiwa upesi. Alikaa kama mshiriki wa kawaida kwa miaka mingi, mpaka 1860 ndugu walipomchagua tena.

Alifariki tarehe 25 Agosti 1867. Hakutaka kuzikwa pamoja na wakubwa katika Westminster Abbey; alizikwa Highgate bila fahari. Mwaka 1881, mkutano wa mataifa uliofanyika Paris uliikubali farad kuwa kipimo.

Basi kipimo cha kuweka akiba kimepewa jina la mtu asiyejiwekea. Tunaona inafaa. Kapasita haiweki kwa ajili yake yenyewe; huweka wakati wa wingi ili itoe wakati wa upungufu. Sanduku la sadaka, ghala la mashemasi na ujuzi wa mafundi wetu viwe hivyo pia. Na kijana anayejifunza ufundi leo mezani kwa mtu mwingine asikate tamaa: Faraday alianza kwa kushona vitabu vya watu.