John Rarey na Farasi Wakali

John Solomon Rarey alizaliwa mwaka 1827 katika kijiji cha Groveport, jimbo la Ohio, nchi ya Marekani. Siku zile hapakuwa na motokaa wala trekta. Mkulima aliyelima shamba lake, tabibu aliyekwenda kumtazama mgonjwa, na askari aliyekwenda vitani, wote walimtegemea farasi. Kwa hiyo mtu aliyejua kumfundisha farasi mchanga kuchukua tandiko na mpandaji hakukosa kazi.

Lakini watu wengi walifanya kazi hiyo kwa mapigano. Farasi mchanga aliachwa malishoni, asizoee mkono wa mtu. Kisha siku moja watu walimkamata kwa kamba, wakamtupia tandiko mgongoni kwa ghafula, na mmoja wao akamrukia. Farasi aliruka juu, akapiga mateke, akatupa kichwa huku na huku, na mpandaji akampiga kwa mjeledi mpaka mmoja wao ashindwe. Mara nyingi mtu aliumia. Mara nyingi pia farasi aliharibika tabia, akawachukia watu maisha yake yote.

Rarey alipenda farasi tangu utoto wake, naye alianza kuwafundisha kwa njia hiyo hiyo ya nguvu. Inasimuliwa kwamba alivunjika mikono na miguu, hata kikabaki kiungo kimoja tu kisichopata kuvunjika, nacho ni mkono wa kuume. Maumivu hayo yakamfanya afikiri. Akaacha kujiuliza jinsi ya kumshinda farasi, akaanza kujiuliza kwa nini farasi hukataa.

Akawatazama farasi kwa uangalifu mwingi, akatambua mambo matatu. La kwanza, farasi hakatai jambo alilolielewa, ikiwa halipingani na maumbile yake. La pili, farasi hazijui nguvu zake mwenyewe mpaka apate nafasi ya kuzijaribu. La tatu, farasi huogopa kitu asichokijua. Lakini akiachwa akitazame, akinuse na kukigusa kwa pua yake, na akiona hakimdhuru, hofu humtoka. Wala hofu hiyo si ajabu. Porini farasi ni mnyama wa kuwindwa, kama alivyo punda milia, na mnyama anayemrukia mgongoni ni yule anayetaka kumla. Basi farasi mchanga anayeruka chini ya tandiko hafanyi ubaya, bali anajiokoa.

Kwa kufuata mambo hayo Rarey alitengeneza njia yake. Kwanza aliwatoa bandani mbwa, kuku na kila kitu cha kumshtua farasi, akabaki naye peke yake. Akamkaribia pole pole, akisema naye kwa sauti ya chini, akampapasa begani na shingoni kwa kufuata vinyweleo vilivyolala. Farasi akirudi nyuma, yeye alisimama akangoja.

Tandiko lilikuja baadaye. Alizifunga fundo kanda za vikuku vya kukanyagia, ili vikuku visining'inie na kumgonga farasi ubavuni. Akalikunja tandiko, akalichukua kwapani, akamsogelea farasi nalo. Akaliinua kidogo kidogo mpaka puani pake, akamwacha alinuse. Kisha akamsugua nalo shingoni, apate kusikia mlio wa ngozi yake. Halafu begani, halafu nyuma kidogo, mpaka likafika mgongoni. Akalitikisa, akaliondoa, akalirudisha tena, hata farasi akaona kwamba si kitu. Ndipo alipoufunga ukanda wa tumboni, naye hakuukaza sana kwanza.

Hata kupanda hakupanda kwa kuruka. Aliweka kando ya farasi sanduku la kimo cha futi moja hivi, akasimama juu yake, ili farasi azoee kumwona mtu aliye mrefu kuliko siku zote. Akatia mguu mmoja katika kikuku, akaulemea kidogo, akaushusha. Akarudia hivyo mara nyingi, mpaka akakaa juu ya tandiko bila kishindo. Hakumgusa kwa kisigino wala kwa mjeledi. Alimwambia aende, akamwacha atembee.

Mwaka 1856 Rarey aliandika kitabu kidogo juu ya mambo hayo. Baadaye alivuka bahari kwenda Uingereza, na mwaka 1858 alionyesha kazi yake katika jumba la Windsor mbele ya Malkia Victoria. Watu walistaajabu sana, lakini wengine walinung'unika kwamba farasi aliopewa hawakuwa wakali kweli. Basi wakamtajia Cruiser.

Cruiser alikuwa farasi wa mashindano, mali ya Lord Dorchester. Alikuwa mkali hata masaisi, yaani watunza farasi wake, waliogopa kuingia bandani mwake. Kichwani alivikwa chuma kizito ili asiume watu. Ilikuwa muda mrefu tangu mtu kumpanda. Rarey alikwenda, akaingia kwake. Kwa farasi wakali namna hii alitumia kanda za ngozi: aliukunja mguu mmoja wa mbele akaufunga, maana farasi aliyesimama kwa miguu mitatu hawezi kukimbia wala kupiga mateke. Halafu aliufunga na mguu wa pili wa mbele kwa namna hiyo, mpaka farasi akapiga magoti na kulala chini. Hapo Rarey hakumpiga. Alimpapasa mwili mzima, akamfungua, akamwinua. Inasimuliwa kwamba baada ya saa tatu hivi Cruiser alipandwa. Akavuliwa kile chuma, akawa mali ya Rarey, akafuatana naye London, na watu wengi wakaja kumtazama.

Katika mji huo huo Rarey alimfundisha hata punda milia, mnyama ambaye watu wengi walisema hafundishiki.

Umaarufu ukamletea jaribu jingine. Watu 500 walikubali kulipa kila mmoja paundi 10 na shilingi 10, wajifunze njia yake, nao wakaahidi kutoifunua siri. Lakini mwaka huo huo wa 1858 wapiga chapa wa Uingereza walikitoa tena kile kitabu chake cha zamani, wakakiuza kwa bei ndogo sana. Rarey akawafungua wanafunzi wake katika ahadi yao. Kabla yake, katika Ireland, alikuwapo mtu aliyeitwa Sullivan, naye alisifiwa sana kwa kuwatuliza farasi. Huyo alikufa mwaka 1810, na siri yake ikazikwa pamoja naye. Siri ya Rarey ilitoka mikononi mwake, ikawafaa wakulima na masaisi ambao hawangeweza kamwe kulipa paundi 10.

Si kila alilofanya Rarey linasifiwa leo. Walimu wengi wa farasi wameziacha zile kanda za kumlaza farasi chini, kwa sababu mnyama aliyelala kimya huenda hakutulia, bali amekata tamaa. Lakini mafundisho yake mengine, yaani kumwacha farasi alinuse tandiko, kwenda hatua kwa hatua, na kutotumia hasira, yamedumu.

Rarey alirudi Marekani pamoja na Cruiser. Hakuishi miaka mingi. Alikufa mwaka 1866, naye alikuwa na miaka 38 tu. Mwaka huo huo katika mji wa New York ndipo kilipoanzishwa chama cha kwanza katika Marekani cha kuwakinga wanyama na ukatili. Cruiser aliishi baada ya bwana wake, akafa mwaka 1875. Mpaka leo timu za michezo za shule ya sekondari ya Groveport huitwa kwa jina la farasi huyo, ambaye zamani hakuna aliyethubutu kumkaribia.

Wahenga walisema hasira ni hasara. Rarey aliyajua hayo kwa mifupa yake mwenyewe. Kabla hajamtuliza farasi hata mmoja, ilimpasa kwanza kujituliza yeye.