Alexander Mackay: Fundi wa Nateete aliyehitajiwa na wafalme wawili

Wapitao Nateete, magharibi mwa Kampala, hulisikia jina la Mackay kutokana na shule inayoitwa kwa jina lake. Wachache hukumbuka kwamba mmisionari huyo Mskoti hakuwa kasisi bali mhandisi, na kwamba karakana yake, pengine kuliko mahubiri, ndiyo iliyompa nafasi katika ikulu ya Buganda.

Alizaliwa mwaka 1849 katika kijiji cha Rhynie, Scotland, mtoto wa mchungaji. Utotoni alitembea maili nyingi hadi Huntly ili tu aione injini ya treni iliyosimama stesheni kwa dakika chache. Alisomea uhandisi Edinburgh, kisha akafanya kazi ya uchoraji wa mitambo mjini Berlin.

Mwaka 1876 alitumwa Afrika Mashariki na shirika la kimisionari la CMS. Alisimamia kwanza ufyekaji wa barabara ya takriban kilomita 370, kutoka Saadani hadi Mpwapwa, na mnamo Novemba 1878 akafika kwa Kabaka Muteesa wa Kwanza. Mwanzoni alizungumza na watu wa ikulu kwa Kiswahili, lugha waliyoizoea kupitia wafanyabiashara wa pwani.

Huko Nateete alifua chuma, akakereza mbao na kuunda magurudumu. Alipopandisha magogo mazito mlimani kwa kuyavingirisha, watazamaji walimwita lubaale, yaani mungu. Jina hilo alilikataa. Mwaka 1882 alipofariki Namasole, mama yake Kabaka, Mackay ndiye aliyeagizwa kutengeneza jeneza. Vyombo vya shaba vya ikulu vilifuliwa vikawa mabati, na jeneza likawa la tabaka tatu, la nje likiwa kubwa mithili ya chumba. Mhubiri huyo hakuifurahia kazi hiyo, lakini aliimaliza.

Alichonga pia herufi za kuchapia, na vijana wa ikulu wakajifunza kusoma kwa karatasi zilizotoka mikononi mwake.

Muteesa alifariki mwaka 1884, na mwanawe Mwanga akawashuku wasomaji hao. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu, Makko Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuuwa Sserwanga, walichomwa moto Busega, jirani na Nateete. Baadhi yao walikamatwa wakiwa safarini pamoja na Mackay mwenyewe. Alisihi, hakusikilizwa. Mfalme aliyewaua wanafunzi wake alimzuia yeye asiondoke, kwa kuwa ufundi wake ulihitajika. Mwenzake, Robert Ashe, aliruhusiwa kuondoka mwaka 1886, naye Mackay akabaki peke yake, akiendelea kuchapa sehemu za Injili ya Mathayo kwa Kiganda, hadi alipofukuzwa Julai 1887.

Alihamia Usambiro, kusini mwa Ziwa Victoria. Henry Morton Stanley alipopita hapo mwaka 1889 alimkuta akishughulikia mashua ya mvuke. Alishauriwa kurejea Ulaya, akakataa. Malaria ilimuua tarehe 8 Februari 1890, akiwa na umri wa miaka 40, na mashua haijakamilika. Mwaka 1927 mabaki yake yalihamishiwa Namirembe, kilima kilicho karibu na Nateete.