Cecil John Rhodes (1853–1902): Mbunge wa Barkly West na Waziri Mkuu wa Koloni la Cape

Utangulizi

Wanafunzi wengi wanamkumbuka Cecil Rhodes kama tajiri wa almasi ambaye jina lake lilipewa nchi ya Rhodesia. Wanaosahau ni kwamba alikuwa pia mbunge wa kuchaguliwa kwa karibu miaka 21, na waziri mkuu kwa zaidi ya miaka 5. Sehemu kubwa ya madhara aliyowafanyia Waafrika wa Cape ilipitia bungeni, kwa sheria zilizojadiliwa na kupigiwa kura. Unaposoma maisha yake, jiulize: je, bunge lililochaguliwa lingewezaje kutumika kuwanyang'anya watu kura?

Kuzaliwa na kufika Afrika

Rhodes alizaliwa tarehe 5 Julai 1853 katika mji wa Bishop's Stortford, Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana. Kijana huyu hakuwa na afya nzuri, na mwaka 1870 alipelekwa Natal kwa kaka yake Herbert, aliyekuwa akilima pamba. Kilimo hakikuwatoa. Mwaka 1871 Rhodes akahamia kwenye machimbo ya almasi ya Kimberley, akiwa na umri wa miaka 18.

Huko alichimba, akauza almasi, na pamoja na mshirika wake Charles Rudd akafanya biashara ya kukodisha pampu za kutoa maji mashimoni. Kuanzia mwaka 1873 alikuwa akienda Uingereza kusoma katika Chuo Kikuu cha Oxford na kurudi Kimberley kuangalia mali yake. Alipata shahada mwaka 1881. Mwaka 1880 alianzisha kampuni ya De Beers, na mwaka 1888 akaiunganisha na kampuni ya mshindani wake Barney Barnato. Tangu hapo De Beers ikashika karibu almasi yote ya Afrika Kusini.

Bunge la Cape lilivyokuwa

Koloni la Cape lilipata katiba mwaka 1853 na bunge lake likakutana kwa mara ya kwanza mwaka 1854. Mwaka 1872 lilipewa serikali ya kujitawala, yaani waziri mkuu alitoka bungeni na kuwajibika kwa wabunge.

Sifa za mpiga kura hazikutaja rangi. Mwanamume yeyote, raia wa Uingereza, aliyekuwa na mali isiyohamishika ya thamani ya pauni 25, au mshahara wa pauni 50 kwa mwaka, aliruhusiwa kupiga kura. Kwa hiyo Waafrika na watu wa rangi mchanganyiko kadhaa waliandikishwa. Hakuna Mwafrika aliyewahi kuchaguliwa kuwa mbunge wa Cape, lakini katika baadhi ya majimbo ya mashariki kura zao ziliweza kuamua nani ashinde. Mhariri John Tengo Jabavu, aliyeanzisha gazeti la Imvo Zabantsundu mwaka 1884, alikuwa sauti kubwa ya wapiga kura hao.

Kuingia bungeni

Mwaka 1880 eneo la Griqualand West, lenye machimbo ya almasi, liliunganishwa na Cape na kupewa viti bungeni. Rhodes aligombea jimbo la Barkly West na kushinda mwaka 1881. Alikishika kiti hicho mpaka alipofariki.

Alitambua mapema kwamba hatatawala bila kura za Makaburu. Akajenga urafiki na Jan Hofmeyr, kiongozi wa chama cha Afrikaner Bond. Wakulima wa chama hicho walitaka vibarua wa bei rahisi, na wenye migodi walitaka hivyo hivyo. Tarehe 17 Julai 1890, kwa msaada wa Bond, Rhodes akawa waziri mkuu.

Kampuni na hati ya kifalme

Wakati huohuo Rhodes alikuwa akitafuta ardhi kaskazini ya mto Limpopo. Mwaka 1888 wajumbe wake wakiongozwa na Rudd walipata mkataba kutoka kwa Lobengula, mfalme wa Wandebele. Lobengula aliahidiwa pauni 100 kila mwezi, bunduki 1,000 na risasi 100,000, naye akatoa haki ya madini yote ya ufalme wake. Kwa mdomo aliambiwa kuwa hawatakuja wazungu zaidi ya 10 kuchimba. Ahadi hiyo haikuandikwa. Lobengula alipogundua alivyodanganywa, aliukana mkataba, lakini alikuwa amechelewa.

Mwaka 1889 Kampuni ya Uingereza ya Afrika Kusini ilipewa hati ya kifalme, na mwaka 1890 walowezi wakaingia Mashona. Mwaka 1893 kampuni iliupiga vita ufalme wa Wandebele na kuuangusha. Zingatia kwamba mtu mmoja alikuwa waziri mkuu wa koloni, mkuu wa De Beers na kiongozi wa kampuni iliyoteka nchi jirani.

Sheria zilizopunguza kura na ardhi

*Sheria ya Kura ya mwaka 1892.* Kiwango cha mali kilipandishwa kutoka pauni 25 hadi pauni 75. Vilevile mpiga kura alitakiwa aweze kuandika jina lake, anwani na kazi yake. Sheria haikutaja rangi, lakini Waafrika wengi na wazungu maskini wachache ndio waliokosa sifa. Sheria hii ilifuata ile ya mwaka 1887, ambayo tayari ilikataza ardhi ya pamoja ya ukoo kuhesabiwa kama mali ya mpiga kura.

*Sheria ya Glen Grey ya mwaka 1894.* Ardhi iligawanywa katika viwanja vidogo, kila mtu kimoja, na kiwanja kilirithiwa na mtoto mmoja tu wa kiume. Waliobaki bila ardhi walisukumwa kwenye kazi za mashambani na migodini. Kodi ya shilingi 10 iliwekwa kwa wanaume wasiofanya kazi nje ya wilaya. Tena kiwanja hicho hakikuhesabiwa kumpa mtu haki ya kupiga kura. Mwafrika aliyetii sheria na kumiliki ardhi kwa hati bado alibaki nje ya bunge.

Kuanguka

Katika Transvaal, nchi ya Makaburu chini ya Rais Paul Kruger, wageni wengi wa Johannesburg hawakuwa na kura. Rhodes, aliyepunguza kura za Waafrika Cape, alilitumia lalamiko hilo kupanga njama ya kuipindua serikali ya Kruger. Mwishoni mwa Desemba 1895 rafiki yake Leander Starr Jameson alivamia Transvaal na askari wa kampuni. Johannesburg haikuasi, na Jameson alikamatwa tarehe 2 Januari 1896. Bond ikamwacha Rhodes, naye akajiuzulu uwaziri mkuu mwezi huohuo.

Askari wengi wa kampuni walipokuwa kifungoni, Wandebele waliasi Machi 1896, na Washona Juni. Vita hivyo vinaitwa Chimurenga ya kwanza.

Miaka ya mwisho na athari

Rhodes alibaki mbunge. Ndoto yake ya reli na simu ya waya kutoka Cape mpaka Cairo ilizuiliwa na Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, ambayo leo ni Tanzania Bara, Rwanda na Burundi. Mwaka 1899 alikwenda Berlin kuonana na Kaiser Wilhelm II kuomba njia ya kupitisha waya wa simu. Alifariki Muizenberg tarehe 26 Machi 1902, akiwa na miaka 48, na kuzikwa katika vilima vya Matopo.

Athari zake zilidumu. Katiba ya Muungano wa Afrika Kusini ya mwaka 1910 iliwazuia wasio wazungu kuwa wabunge. Sheria ya Ardhi ya 1913 ilifuata mawazo ya Glen Grey, na mwaka 1936 Waafrika wa Cape waliondolewa katika daftari la kawaida la wapiga kura.

Dokezo la mtihani

Usiishie kutaja utajiri wa Rhodes. Onesha uhusiano kati ya migodi, uhitaji wa vibarua na sheria za bunge. Hapo ndipo alama zilipo.

Maswali ya marudio

1. Eleza sifa za mpiga kura wa Cape kabla na baada ya mwaka 1892.
2. Kwa nini Afrikaner Bond ilimuunga mkono Rhodes, na kwa nini ilimwacha?
3. Fafanua njia tatu ambazo Sheria ya Glen Grey iliwaathiri Waafrika.
4. Sheria isiyotaja rangi inaweza kuwa ya kibaguzi. Jadili kwa kutumia mifano kutoka Koloni la Cape.