Alama Hafifu ya Kemia Haikumzuia Pasteur

Kila yanapotangazwa matokeo ya mtihani wa kidato cha nne, wanafunzi walioongoza hubebwa juu juu na picha zao zikajaa magazetini. Hilo ni jambo jema, kwani mcheza kwao hutuzwa. Hata hivyo, fikira zangu aghalabu huwaendea wale wengine, hasa kijana aliyetamani kusomea sayansi katika chuo kikuu lakini akapata alama hafifu ya kemia au hisabati. Kijana huyo hufarijiwa kwa njia mbili, na zote mbili mimi naziona kuwa na kasoro. Wapo wanaomwambia kwamba sayansi haikuwa riziki yake, basi na aisahau. Wapo pia wanaomwambia kwamba mitihani haina maana yoyote, kwa kuwa hata wanasayansi wakuu walianguka.

Ningependa kusimulia maisha ya mtu ambaye anazikanusha faraja hizo zote mbili. Mtu huyo ni Louis Pasteur, Mfaransa ambaye jina lake ndilo asili ya lile neno linaloandikwa kwenye pakiti za maziwa madukani.

Pasteur alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 katika mji mdogo wa Dole, mashariki mwa Ufaransa. Babake, Jean-Joseph, alikuwa askari katika jeshi la Napoleon kabla ya kurejea katika kazi ya ukoo wake, yaani kazi ya kutengeneza ngozi. Familia hiyo ilihamia Arbois, na huko ndiko mtoto alikokulia. Nyumba yao haikuwa ya mafukara wala haikuwa ya matajiri. Kila senti ya karo ilitokana na jasho. Katika miaka ya mwanzo ya shule Pasteur hakutajwa kuwa mwerevu wa kupindukia. Alijulikana zaidi kwa uchoraji. Picha za wazazi na majirani alizozichora kwa chaki za rangi akiwa kijana zimehifadhiwa hadi leo, na zinapendeza kutazamwa. Lau angepimwa kwa kipaji kilichokuwa wazi machoni pa watu, bila shaka angeelekezwa kwenye sanaa na mambo yakaishia hapo.

Aliyeona zaidi ya hayo ni mwalimu mkuu wa shule ya Arbois, Bwana Romanet. Alitambua kwamba mwendo wa polepole wa mvulana huyu haukuwa uzito wa akili bali ni tahadhari. Hakupenda kusema jambo kabla hajawa na hakika nalo. Mwalimu huyo akaanza kumtia mtoto na mzazi wake wazo la kujiunga na École Normale Supérieure ya Paris, chuo kilichowaandaa walimu bora wa nchi hiyo. Wazo hilo lilizidi matarajio ya baba, ambaye angeridhika kabisa kumwona mwanawe akifundisha pale pale Arbois.

Mnamo Oktoba 1838, akiwa hajatimiza miaka 16, Pasteur alipelekwa Paris kuishi katika bweni moja la matayarisho. Hamu ya kwao ilimlemea. Baada ya wiki chache tu babake alilazimika kufunga safari ndefu kwenda kumchukua. Naam, hatua yake ya kwanza kuelekea elimu ya juu ilimalizika kwa kurudishwa nyumbani.

Mwaka uliofuata alijiunga na shule ya Besançon, mji usio mbali sana na kwao, na mnamo 1840 akafaulu bakaloria ya fasihi. Lakini aliyetaka kusomea sayansi alihitaji pia bakaloria ya sayansi. Shule ikampa kazi ya mwalimu msaidizi, naye akawa anawasimamia wadogo zake huku akijifunza hisabati za juu. Mwaka wa 1841 akaufanya mtihani huo wa sayansi, akaanguka. Mwaka wa 1842 akaurudia mjini Dijon na mara hii akapita, ila katika somo la kemia watahini walimpa alama hafifu. Msomaji na atue hapa kidogo. Mtu ambaye baadaye angeifungulia kemia njia mpya kabisa alipewa alama hafifu katika somo lilo hilo, akiwa na umri wa miaka 19.

Jambo lililofuata ndilo linalonifanya nimheshimu Pasteur hata kuliko uvumbuzi wake. Mwaka huo huo wa 1842 alifanya mtihani wa kuingia École Normale. Akapita hatua ya kwanza, lakini jina lake likawa katika nusu ya chini ya orodha ya watahiniwa 22. Mlango ulikuwa haujafungwa; angeweza kuendelea na hatua zilizobaki. Yeye hakuridhika na nafasi ile. Akajiondoa kwa hiari yake na kuamua kujiandaa mwaka mzima ili ajaribu tena.

Akarudi Paris, tena katika bweni lile lile alilolikimbia miaka minne kabla. Alipunguziwa karo kwa sababu kila asubuhi na mapema aliwafundisha wanafunzi wadogo. Mchana alihudhuria masomo ya shule ya Saint-Louis, na alipopata nafasi alikwenda Sorbonne kumsikiliza mwanakemia mashuhuri Jean-Baptiste Dumas, ambaye mihadhara yake ilijaza ukumbi hadi pomoni. Hapo ndipo kemia, somo lililokuwa limemwaibisha, lilipomteka moyo. Alipofanya mtihani mwaka wa 1843 alipanda hadi karibu na kilele cha orodha, akaingia chuoni kwa kichwa kilichoinuliwa.

Ndani ya chuo alijizika katika maabara. Alipomaliza, serikali ilitaka kumpeleka akafundishe fizikia katika shule ya Tournon, mbali na Paris. Lakini mwanakemia Antoine Balard akamng'ang'ania abaki kuwa msaidizi wake. Mnamo 1847 alipata udaktari wa sayansi. Mwaka mmoja baadaye, akiwa na miaka 25, alitatua fumbo lililokuwa limewatatiza wakubwa wake. Kulikuwa na aina mbili za asidi inayohusiana na zabibu, zenye viambato vilevile na kwa kiwango kilekile, ila moja iligeuza mwelekeo wa miale ya nuru na nyingine haikuugeuza. Pasteur alizichunguza fuwele za chumvi iliyotokana na ile ya pili, akaona kwamba zilikuwa za namna mbili zinazofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Akazitenga kwa mkono, moja baada ya nyingine. Za kundi moja ziligeuza nuru kulia, za kundi la pili kushoto, zilipochanganywa ziliangushana. Mzee Jean-Baptiste Biot, aliyebobea katika taaluma hiyo, hakuamini mpaka kijana alipoirudia kazi hiyo mbele ya macho yake.

Ile tahadhari ambayo Bwana Romanet aliiona Arbois ndiyo iliyoziona fuwele zile. Hakuna karatasi ya mtihani iliyokuwa na swali la kuipima.

Yaliyofuata yanajulikana na wengi, nami nitayagusia tu. Mwaka wa 1854 alikwenda Lille akiwa mkuu wa kitivo cha sayansi, na huko hakuwafungia wanafunzi wake darasani, bali aliwapeleka viwandani wajionee sayansi ikifanya kazi. Alithibitisha kwamba kuchachuka kwa vinywaji husababishwa na viumbe hai vidogo mno, na kwamba viumbe hivyo havizuki vyenyewe bila mzazi. Kutokana na hayo alibuni njia ya kupasha mvinyo moto kwa kiasi ili usiharibike, njia ambayo baadaye ilitumiwa kwa maziwa. Aliwasaidia wafugaji wa viwavi wa hariri waliokuwa wakifilisika kwa sababu ya maradhi ya wadudu wao. Mnamo 1881, huko Pouilly-le-Fort, aliwachanja kondoo dhidi ya kimeta hadharani. Waliochanjwa wakasimama wazima huku wasiochanjwa wakifa. Tarehe 6 Julai 1885 alianza kumtibu Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, naye akapona. Taasisi yenye jina lake ilifunguliwa Paris mwaka wa 1888. Baadhi ya haya aliyatenda baada ya kuwazika watoto watatu kati ya watano, na baada ya kiharusi cha 1868 kilichoudhoofisha upande wake wa kushoto. Alifariki tarehe 28 Septemba 1895.

Sasa turudi kwa kijana wetu na alama yake ya kemia. Pasteur hawezi kuwa kisingizio cha mvivu. Hakuidharau mitihani, wala hakudai kwamba watahini walimwonea. Aliisoma alama yake kama msafiri anavyosoma kibao cha barabarani: kinamwambia amefika wapi, hakimwambii yeye ni nani. Kisha akatembea masafa yaliyobaki. Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Pasteur aliinama mwaka mzima katika bweni lililomkumbusha aibu yake ya zamani.

Lakini haki inanilazimu niongeze jambo ambalo wasimulizi wengi hulisahau. Pasteur hakufika peke yake. Alikuwa na mwalimu mkuu aliyeona mbele kuliko alama, baba aliyekubali kumwona akirudi nyumbani bila kumkatia tamaa, shule iliyompa kazi huku akisoma, na bweni lililompunguzia karo. Zaidi ya yote, mfumo wenyewe ulimruhusu kurudi. Mtihani alioanguka 1841 aliruhusiwa kuufanya 1842. Nafasi aliyoiacha 1842 aliruhusiwa kuitafuta tena 1843. Lau mlango ungefungwa baada ya jaribio la kwanza, Ufaransa ingebaki na mwalimu msaidizi wa Besançon mwenye kipaji cha kuchora.

Hapa kwetu, kizingiti cha kuingilia masomo ya shahada ni alama ya C+, na kozi za sayansi hudai zaidi ya hapo katika masomo mahsusi. Siombi kizingiti kishushwe. Daktari na mhandisi sharti waijue kazi yao. Ninachoomba ni kwamba njia za kurudi zisiwe na miiba. Zipo: mtahiniwa anaweza kuurudia mtihani, na mwingine anaweza kuanza kwa stashahada kisha apande hadi shahada. Hata hivyo, anayezifuata mara nyingi hutazamwa kwa jicho la dharau, kana kwamba amejipenyeza kwa mlango wa nyuma. Karo nayo humkwamisha mwana wa maskini kabla akili yake haijachoka.

Walimu wenzangu, sisi ndio tunaokaa katika kiti cha Bwana Romanet. Kabla hatujamwambia mwanafunzi kwamba sayansi haimfai, tujiulize iwapo tumewahi kumwona akifanya kazi kwa mikono katika maabara, au tumeona tarakimu zake tu. Nawe mwanafunzi, ikiwa kweli unaitaka sayansi, usiitupe kwa sababu ya karatasi moja, wala usijidanganye kwamba karatasi hiyo haikusema kitu. Jua ilichokuambia, urekebishe, urudi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini mhunzi sharti atengeneze koleo jingine.