Joy Adamson na simba aliyejifunza maji ukubwani

MTO Ura huanzia milima ya Nyambene, ukateremka hadi nyanda zenye joto za Tharaka na hatimaye kumimina maji yake katika mto Tana. Ukingoni mwake, ndani ya Mbuga ya Taifa ya Meru, lipo kaburi la mawe ambalo halikuchimbiwa binadamu. Humo amezikwa Elsa, simba jike aliyekufa tarehe 24 Januari 1961. Miaka 19 baadaye sehemu ya majivu ya mwanamke aliyemlea, Joy Adamson, ilimwagwa papo hapo.

Ulimwengu unawafahamu wawili hawa kutokana na kitabu Born Free kilichotoka mwaka 1960, na filamu ya jina hilo iliyofuata mwaka 1966. Wengi hukumbuka picha ya mama wa Kizungu aliyelala kitanda kimoja na simba. Lisilosimuliwa sana ni kwamba sehemu kubwa ya masomo ya Elsa, yale yaliyomwezesha kuishi bila kulishwa na mtu, ilihusu maji: kuyazoea, kuogelea, kuvuka mto wenye mamba, na mwishowe kuyatumia maji yenyewe kama silaha.

Joy alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa chini ya milki ya Austria na ambao leo huitwa Opava, katika Jamhuri ya Czech. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Friederike Victoria Gessner. Ujanani alisomea muziki, akajaribu ushonaji na uchongaji, akawazia hata udaktari, asikae na lolote kwa muda mrefu. Mwaka 1937 alikuja Kenya kuitazama nchi ambayo yeye na mume wake wa kwanza, Viktor von Klarwill, walikuwa wakifikiria kuhamia. Safarini akakutana na Peter Bally, mtaalamu wa mimea. Ndoa ya kwanza ikavunjika na mwaka 1938 akaolewa na Bally, ambaye ndiye aliyembatiza jina Joy.

Hapo ndipo ilipoonekana tabia iliyomwandama maisha yake yote, yaani kuanza upya akiwa mtu mzima. Alikuwa anakaribia umri wa miaka 30 alipoanza kuchora maua ya Kenya akifuatana na Bally porini, na kazi hiyo ikamletea mwaka 1947 nishani ya dhahabu ya Grenfell kutoka Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Bustani cha Uingereza. Baadaye serikali ya kikoloni ilimwagiza achore watu wa makabila mbalimbali wakiwa katika mavazi yao ya jadi. Mamia ya picha hizo yamehifadhiwa nchini hadi leo, na yapo mavazi ambayo tusingeyajua vyema kama si mkono wake.

Mwaka 1944 aliolewa kwa mara ya tatu, na George Adamson, afisa wa wanyamapori aliyekuwa na makao yake Isiolo. George alizaliwa India mwaka 1906 na kufika Kenya mwaka 1924. Hakuwa mgeni wa maji. Mwaka 1934, yeye na rafiki yake Nevil Baxendale, wakitafuta dhahabu kaskazini, walivuka ziwa Rudolf, ambalo siku hizi huitwa Turkana, kwa chombo walichokiunda wenyewe kwa matawi ya miti na turubai. Mtu aliyewahi kuliona ziwa hilo likichafuka kwa upepo wa mchana ataelewa kwamba George alikuwa ama jasiri kupindukia ama hakujua alichokuwa akikifanya.

Februari 1956, George alimpiga risasi simba jike aliyewashambulia, kisha akagundua kuwa alikuwa akiwalinda watoto watatu. Watoto hao walipelekwa nyumbani Isiolo. Wawili walisafirishwa baadaye hadi bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Aliyekuwa mdogo kuliko wote akabaki. Huyo ndiye Elsa.

Elsa alikua katika nchi kame, ambako maji ni kisima, mfereji au kidimbwi. Alikuwa na umri upatao mwaka mmoja, mwili wake umekwisha kuwa mzito na mikono yake ina nguvu ya kumwangusha mtu, alipochukuliwa hadi Kiunga, kaskazini mwa Lamu, kuiona Bahari ya Hindi kwa mara ya kwanza. Alipoona maji yakijaa na kumkimbilia alishikwa na hofu. Akanusa, akauma povu, akaonja, na chumvi ikamkunjisha uso. Hakuna aliyemsukuma. Joy na wenzake waliingia baharini wakaoga na kuchezea mawimbi huku yeye akiwatazama kutoka mchangani. Baada ya kuwaona wale aliowaamini wakiingia na kutoka salama, naye akaingia. Muda si muda ikawa kazi kumtoa.

Hapo pana jambo la kutazamwa kwa makini. Simba hahitaji kufundishwa namna ya kupiga mikono na miguu majini, kwani mwili wake unajua. Kinachomzuia ni woga, na woga huo hauondolewi kwa amri. Ndivyo ilivyo hata kwa binadamu anayejifunza kuogelea ukubwani. Mtoto hujitupa majini kabla hajajua hatari, lakini mtu mzima huingia na hesabu zote za kifo kichwani, akakaza shingo, akazuia pumzi, na mwili uliokakamaa ndio huzama. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kule Kiunga, samaki aliyeanza kukauka alikunjika bila kuvunjika, kwa sababu hakuharakishwa. George alimfungia nazi kwenye kamba na kuizungusha hewani, Elsa akairukia, na mchezo ukamsahaulisha hofu. Kaa wa pwani nao walimbana pua kila alipowakaribia mno.

Mwaka 1957 alifuatana na msafara wa miguu na punda hadi ziwa Rudolf. Mnyama aliyeogopa povu la bahari sasa alikimbilia ziwani bila kujali mamba, na waliopata hofu walikuwa watu.

Swali kubwa lilikuja mwaka 1958. Elsa alikuwa amepita umri wa miaka miwili na hakuwa amejifunza kuwinda, maana simba huwinda kwa kumwiga mama, na mama yake alikuwa binadamu mwenye mswaki na taipureta. Wengi walishauri apelekwe bustani ya wanyama kama nduguze. Joy alikataa. Jaribio la kwanza la kumwachilia, katika nchi ya juu yenye baridi na mvua, lilishindwa. Elsa alikonda na kuugua hadi wakahofia maisha yake. Ndipo walipomleta ukanda wa chini wa Meru, penye joto lililofanana na la alikozaliwa, wakapiga kambi kando ya mto Ura.

Wenyeji wa Meru na Embu wanaijua vizuri mito ya upande huu. Huko juu, karibu na mlima Kenya na Nyambene, maji ni baridi, yana mawe na mkondo wa kasi, na watoto wengi hukua wakionywa wasiyakaribie. Huko chini mito hiyo hiyo hupanuka, ikawa na vidimbwi vyenye kina, viboko na mamba, kabla ya kumezwa na Tana. Kutokujua kuogelea si aibu katika nchi ya namna hiyo, bali ni urithi. Elsa hakuwa na urithi huo. Alioga Ura karibu kila siku wakati wa jua kali, akavuka ng'ambo na kurudi, akajifunza ni wapi mkondo una nguvu na ni mawe gani yanateleza.

Elimu hiyo ilijaribiwa siku moja alipompambana na nyati dume kwenye maporomoko ya mto huo. Nchi kavu, nyati mzima anaweza kumpasua simba aliye peke yake. Lakini mnyama yule alikuwa amechoka, kwato zake zikiteleza juu ya mwamba, na Elsa akamng'ang'ania hadi kichwa chake kikazama majini. Nuru, mfanyakazi Mwislamu aliyemlea Elsa tangu akiwa mchanga, alifika akiwa na kisu. Nyama ya mzoga ni haramu kwake, basi alitaka kumchinja nyati kabla hajakata roho. Kumsogelea simba aliye juu ya windo lake ni jambo ambalo mwenye akili timamu halifanyi. Elsa alimtambua, akamruhusu, kisha akalikokota windo lile zito kulitoa majini. Katika maandishi mengi ya kumsifu Joy, watu kama Nuru hupewa mstari mmoja au miwili, ilhali wao ndio waliolala macho wakimlinda mnyama huyo. Haki yao haijalipwa.

Joy alimshuhudia Elsa akikutana na simba dume wa porini, na Desemba 1959 akazaa watoto watatu, Jespah, Gopa na Little Elsa. Mapema mwaka uliofuata aliwaleta kambini. Sasa mwanafunzi akawa mwalimu. Wadogo walisita ukingoni kama alivyosita yeye Kiunga, mama akatangulia majini na kuwasubiri. Joy, aliyekuwa na meza yake ya kuchorea na kuandikia kando ya mto huo, aliyaona hayo yote kwa macho yake, na kitabu chake cha pili, Living Free, kimejaa mambo ya namna hiyo.

Haifai, hata hivyo, kuyasimulia haya kana kwamba palikuwa na mto, simba na Wazungu wawili tu. Jirani na hapo waliishi watu wenye mbuzi. Simba asiyeogopa harufu ya binadamu ni hatari kubwa kuliko yule akimbiaye, na mwishoni mwa mwaka 1960 baraza la Waafrika la wilaya lilitaka Elsa aondolewe. Joy aliumia sana kwa uamuzi huo. Anayetazama kutoka upande wa mfugaji aliyeamka na kukuta zizi tupu ataona kwamba madai yale hayakuwa ya chuki.

Elsa hakuhamishwa. Januari 1961 aliugua homa inayoenezwa na kupe. Joy alikuwa Nairobi, George ndiye aliyekuwa naye. Kiu ilimrudisha mtoni tena na tena, lakini kooni maji hayakupita. Alikufa akiwa na umri wa miaka mitano hivi. Mamba hawakumpata, nyati hakumpata, mkondo haukumchukua. Aliuawa na kidudu kisichofikia punje ya maharagwe, ugonjwa ambao hakuna aliyeweza kumfundisha kuukwepa.

Watoto wake walianza kuvamia mbuzi, na Jespah akachomwa mshale. Mwaka huo huo wa 1961 akina Adamson waliwanasa wote watatu na kuwapeleka Serengeti, Tanganyika, kisa kilichosimuliwa katika kitabu cha tatu, Forever Free. Mapato ya vitabu hivyo Joy aliyaelekeza kwenye mfuko wenye jina la Elsa, na hifadhi ya Meru ilikuwa miongoni mwa zilizonufaika. Mwaka 1966 hifadhi hiyo ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa, yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 870.

Joy alirudi Meru mwaka 1965 akiwa na Pippa, duma aliyelelewa nyumbani kwa watu, akarudia somo lile lile kwa mnyama asiyependa maji hata kidogo. Pippa alizaa mara kadhaa porini na kufa mwaka 1969. Wakati huo mto Tana wenyewe ulikuwa ukibadilika upande wa Embu, ambako bwawa la Kindaruma lilikamilika mwaka 1968, na mengine yakafuata, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Joy naye alikuwa amepata ajali ya gari iliyouharibu vibaya mkono wake wa kulia, mkono wa piano na wa brashi.

Alikuwa mgumu wa kuishi naye. Yeye na George waliishi mbalimbali kwa miaka mingi bila kuachana, na wafanyakazi wake walionja ukali wake. Tarehe 3 Januari 1980, akiwa Shaba, karibu na Isiolo, ambako alikuwa akimfundisha chui aitwaye Penny kuishi porini, aliuawa. Habari za kwanza zilidai ameraruliwa na simba. Uchunguzi ulionyesha majeraha ya kuchomwa, na aliyekuwa mfanyakazi wake akahukumiwa kwa mauaji hayo.

George aliendelea na simba wake huko Kora, ng'ambo ya pili ya Tana kutoka Meru, hadi majambazi walipomuua tarehe 20 Agosti 1989. Majivu ya Joy yaligawanywa, mengine yakapelekwa kwenye kaburi la Pippa na mengine kwa Elsa, hatua chache kutoka kwenye maji ya Ura.